Pima Baada ya Kuagana

Nimestaafu. Wenzangu wanastaafu na mvi na kikohozi, mimi nimestaafu nikiwa Kidato cha Nne, na chunusi. Hakuna aliyenipa mabati wala saa ya ukutani. Mzee Bwire, bosi wangu, alinipa mkono akasema, "Haya, nenda kasome," kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hafla.

Lakini watu wazima wakistaafu huwa wanaandika waliyoyaona, ili wadogo zao wasirudie upumbavu uleule, na mimi sioni sababu ya upumbavu wangu kupotea bure. Nawaandikia ninyi wawili wa Kidato cha Pili mliorithi kazi ya mbuzi pale uwanja wa ndege wa Musoma. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwepo. Cheo nilipanda mara moja tu, kutoka kwenye mbuzi kwenda kwenye mizani, na cheo chenyewe kilikuja kwenye toroli.

Nianze mwanzo. Nilipokuwa shule ya msingi, ndege hapa ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mafuta hakuna, vipuri hakuna, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na ndege nayo ikawa ya foleni, ila sisi tulikuwa mwisho kabisa wa mstari. Uwanja ukawa wa mpira na wa mbuzi. Mlinzi alikuwa Mzee Bwire. Kila asubuhi alikuwa anapandisha soksi, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaowaonyesha marubani upepo unakotoka, na jioni anaishusha na kuikunja kama bendera. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, unaipandishaga ya nini na ndege haiji?"

"Upepo upo," alisema, akaendelea kufyeka nyasi.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Mitumba ikajaa sokoni, mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombania abiria, wanunuzi wa sangara wakaja na magari yenye barafu, na wengine wakaja kuuliza habari za dhahabu ya zamani kule Kiabakari. Watu wa namna hiyo hawana subira ya barabara. Zikaanza kuja ndege ndogo za kukodi, za viti vichache, ambazo kwa mbali zinalia kama mashine ya kusaga. Mbuzi wakakosa uwanja. Mimi nikapata kazi ya kuwaambia.

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya maana ilitokana na Kapteni. Tulimwita hivyo tu, na sikumbuki kama jina lake lingine niliwahi kulisikia. Alikuwa rubani wa ndege ya kampuni moja iliyokuja na ruksa, mtu mfupi, mpole, mwenye soksi zilizotoboka. Alimwambia Mzee Bwire kwamba kuanzia siku hiyo habebi mtu asiyepimwa uzito. Mizani ya uwanja ilikuwa imekufa tangu enzi za foleni. Mzee akaja kwetu Buhare kumuona Baba.

Baba anauza sangara. Ana mtumbwi wa mashine na mizani ya jukwaa, ile unayoweka gunia chini na kupanga mawe ya chuma kwenye mkono wa juu. Jumamosi na siku za likizo alikuwa haitumii sana, kwa hiyo alikubali kuiazima, kwa sharti moja.

"Mizani yangu haitembei peke yake," alisema. "Masatu atakwenda nayo na atarudi nayo. Ikipotea, abaki hukohuko."

Basi nikaajiriwa kama kiambatisho cha mizani. Nikaitia kwenye toroli, nikaisukuma hadi uwanjani, na abiria wa kwanza kupanda juu yake, bwana mmoja wa suti, akanusa hewa akaniuliza kwa nini anasikia harufu ya dagaa. Nikamwambia hiyo ni harufu ya usahihi.

Mambo ya mizani mtayasoma wenyewe, lakini chukueni haya machache. Mtu wa huku akipimwa hataki kuwa mwepesi. Mwili mkubwa ni heshima, kwa hiyo mwambie uzito wake kwa sauti. Nilikuwa na mzee mmoja mwenye maduka aliyeniambia nirudie kupima kwa sababu mizani imemdharau. Nilirudia, nikaongeza sauti, akaridhika. Karatasini niliandika ule wa kweli. Kwenye mdomo weka heshima, kwenye karatasi weka kilo.

Sasa niwape kesi ngumu, ambayo ndiyo ilitupa sheria zote mbili za kazi.

Mnajua jinsi sisi tunavyosindikiza mgeni. Zawadi haitolewi ndani ya nyumba. Mgeni anatoka, mnamsindikiza, mnazungumza habari za mvua, na pale pa kuachana kabisa ndipo mtu anachomoa alichokuwa amekificha, anamtwisha, na mgeni haruhusiwi kukataa. Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Bunda aliyekuwa anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Nilimpima ofisini, mwepesi, mizigo yake nayo kidogo. Ukoo mzima ulikuwa umemsindikiza kutoka Bunda. Wakaagana naye kwenye mlango wa ndege. Abiria wengine nao walikuwa na koo zao. Mimi na Mzee tulikuwa tumesimama mbali, tunaona watu wanakumbatiana, tukasema upendo ni kitu kizuri.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia tena. Ikapita pale ambapo huwa inanyanyuka, na matairi bado yako chini, ikaelekea uzio ambako kina mama wanaanika dagaa. Wale kina mama waliondoka bila kuambiwa. Kapteni akakata moto, akafunga breki, na vumbi lilipotulia pua ya ndege ilikuwa inawatazama dagaa.

Alirudi nayo polepole mpaka tulipo. Hakupiga kelele. Alishuka, akafungua mlango wa abiria, akasema, "Tuanze upya. Kila mtu ashuke na kuku wake."

Wakashuka na kuku kweli. Ndani ya kanga ya yule mama kulikuwa na jogoo, ulezi, karanga, na samaki wa kubanika wa kulisha kwaya. Abiria mwingine alikuwa na mtungi wa asali. Mmoja alikuwa amepewa kiti cha miguu mitatu.

Tangu siku hiyo Mzee Bwire aliihamisha mizani kutoka ofisini hadi chini ya bawa la ndege. Sheria ya kwanza: pima baada ya kuagana, na akishapimwa asiguswe na mtu. Sheria ya pili: akizidi, mzigo unabaki, mtu anaenda. Mzee alisema hata mkisahau kila kitu kingine alichotufundisha, hizo mbili zitatosha. Vingine vyenyewe vilikuwa kufyeka.

Mpaka hapo kazi ilikuwa kazi. Halafu ikaingia nyumbani.

Kaka yangu Majura alimaliza Kidato cha Sita mwaka huohuo, masomo ya sayansi, na akafaulu vizuri kiasi cha kutuudhi wengine. Kabla ya hapo mnamfahamu kama yule aliyekuwa anaiwasha mashine ya mtumbwi wa Baba. Enzi za vipuri kukosekana aliwahi kukata kandambili ya Mama akaitia ndani ya mashine mahali pa mpira uliokufa, tukavua wiki nzima kwa kandambili. Sasa akaandikiwa na chuo kimoja cha ng'ambo, cha kulipia, kwamba wamempokea asome shahada ya usafiri wa anga. Barua ilikuja na kijitabu cha picha. Vijana wamevaa mashati meupe yenye mistari mabegani, wanacheka, nyuma yao ndege. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na grisi.

Buhare nzima ikaanza kumwita Kapteni. Majura akaanza kuvaa tai. Alikuwa anakwenda nayo bombani kuchota maji.

Bei ya hicho chuo sitaitaja kwa shilingi, maana shilingi yenyewe ya siku hizi inabadilika ukiwa umelala. Kwa ng'ombe, ilikuwa wote. Ng'ombe wetu wanakaa Butiama kwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, kwa sababu Buhare hakuna malisho. Hao ng'ombe ndio mahari ya Majura, ndio karo yangu, ndio cha kushika siku ziwa litakapomgeuka Baba. Wote. Baba alikuwa tayari. Alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba ana mtoto rubani. Kilichobaki ni kikao cha ukoo Jumapili baada ya ibada, na kila mtu alijua Baba Mkubwa atakataa.

Siku chache kabla ya kikao Baba aliniita pembeni.

"Masatu, wewe unashinda na watu wa ndege. Ulizia hiyo shahada inalipa au hailipi. Na usiulize kitoto."

"Niulize kama nani?"

"Kama mtu ambaye ng'ombe ni wake."

Nilimkuta Kapteni anatia mafuta. Mafuta ya ndege hapa yanatoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, na sheria ambayo haijaandikwa ni kwamba ukitaka kuuliza swali, wewe ndiye unayepampu. Nikapampu.

"Kapteni, una shahada ya kurusha?"

"Nina leseni ya kurusha. Shahada sina."

"Kumbe inawezekana?"

"Umewahi kuniona nimetua juu ya mti?" Alikung'uta faneli. "Shahada ni ya watu wa mezani. Ndege ipi iende wapi, lini, kwa faida gani au kwa hasara gani. Kazi nzuri tu. Ina feni."

"Kwa hiyo kaka yangu akimaliza hatarusha?"

"Atakueleza vizuri sana kwa nini inaruka." Halafu akaacha utani. "Sikiliza. Vipo vyuo vinavyochanganya darasa na kurusha. Muulize saa za kurusha zimo kwenye hiyo bei? Kila saa hewani ni mafuta, na mafuta hayana bei ya mwanafunzi. Kuna daktari, macho, masikio, moyo, kila mara. Kuna mitihani ya leseni. Akirudi hapa, leseni ya kule inatakiwa ibadilishwe, mitihani mingine. Ndipo anakwenda kwenye kampuni, nayo haimuulizi alisoma wapi. Inamuuliza amerusha saa ngapi."

"Wewe ulilipa hayo yote?"

"Mimi? Nilisomeshwa na serikali. Sikununua hata sabuni."

"Na kaka yangu je?"

"Serikali ya kaka yako ni baba yako."

Mkono ulikuwa umeshakufa ganzi lakini nilitaka jibu la kupeleka nyumbani. "Kwa hiyo hailipi."

"Sijasema. Mimi nakula, unaona. Nimesema mpime vizuri. Pampu, bwana mdogo, usisimame."

Jioni nilimkuta Majura kichwa chini ndani ya mashine ya mtumbwi, tai kaitupia begani isipate mafuta. Nikamuuliza kama saa za kurusha zimo kwenye ada.

Nikasikia spana inazunguka.

"Hazimo."

"Baba anajua?"

"Baba aliniuliza ada. Nikamwambia ada."

"Na hizo nyingine?"

"Nikishafika kule, nyumbani hawataniacha katikati. Watatafuta." Alitoa kichwa, uso mweusi kwa grisi. "Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilikuwa namuona yule mama wa Bunda na kanga yake. Baba alikuwa anampima Majura ofisini, mwepesi, mizigo kidogo. Kuku walikuwa wanakuja baadaye, mlangoni.

Jumapili ikafika. Baba Mkubwa alikuja na lori kutoka Butiama, fimbo mkononi, viatu vya matairi, akakalishwa kiti kizuri. Kulikuwa na Baba, Mama, shangazi zangu wawili, na Majura na tai yake. Chai ikanywewa bila maneno mengi. Baba akaeleza ada. Wote tukageuka kumtazama Baba Mkubwa akatae.

"Wauzwe," akasema.

Shangazi mmoja alipaliwa na chai.

"Mnanitazamia nini? Josho la Butiama halina dawa. Zamani dawa ililetwa, tunaogesha bure. Sasa ni ununue mwenyewe, na mnaijua bei. Kupe wanaleta ndigana, inachukua ndama kila nikiamka. Wale ng'ombe wanakufa, mdogo wangu. Heri wafe wakiwa wanasoma."

Baba akacheka mpaka akafuta macho. Mama akaanza kigelegele. Mambo yalikuwa yamekwisha, na mimi nilijua kitu ambacho wenye ng'ombe hawakijui. Nikatoka, nikarudi na toroli.

"Shikamooni tena," nikasema. "Naomba kumpima msafiri."

"Acha ujinga," Baba alisema.

"Ni wewe uliyenituma, Baba. Ndilo jibu langu."

Baba Mkubwa akasema waniache, amesafiri mbali na bado hajaona sinema. Nikashusha mizani katikati ya uwanja wa nyumbani. Majura akanitazama. Alijua ninachotaka kufanya, niliona anajua. Angeweza kukataa. Akapanda.

Nikapanga mawe mpaka mkono ukatulia sawasawa. "Huyu alivyo hapa ndiyo ada," nikasema. "Ng'ombe wote wa Butiama wameishia hapa. Jiwe lingine hatuna." Halafu nikamkabidhi Majura nanga ya mtumbwi aishike. "Hizi ni saa za kurusha, hazimo kwenye ada." Mkono wa mizani ukapiga juu, ka! Nikamtundikia gunia dogo la dagaa begani. "Mitihani ya leseni." Jiwe la kusagia la Mama juu ya nanga. "Daktari." Ndoo ya chambo shingoni, upande wa tai. "Kubadilisha leseni akirudi."

Shangazi zangu walikuwa wanacheka wamelala kwenye mkeka. Baba hakucheka.

"Nani kakuambia hayo?"

"Kapteni."

"Majura. Kweli?"

Majura amebeba nanga, jasho linamtoka, chambo inanuka chini ya kidevu. "Kweli, Baba."

Shangazi wakaketi. Baba Mkubwa akaitazama nanga kwa muda. "Sasa huo mzigo wa pili," akasema taratibu, "tunaulipia kwa ng'ombe wa nani? Mimi ninao haohao."

Baba alisimama, akakaa tena. Sijawahi kumuona Baba akikosa cha kufanya na mikono yake. Nikafikiri nimeshinda, na nikafikiri pia kwamba kushinda kwenyewe hakuna utamu, maana Majura alikuwa bado amesimama juu ya mizani na mzigo wote.

"Masatu," Majura akasema, "kule uwanjani mtu akizidi mnafanyaje?"

"Mzigo unabaki."

"Na mtu?"

"Mtu anaenda."

"Basi punguza. Ila mimi usinishushe hapa juu."

Nilikuwa nimeipanga sinema yangu mpaka pale pa kuzidi. Sehemu ya pili sikuwa nayo. Ni yeye aliyeendelea. Akainamisha shingo, nikaondoa ndoo. "Rubani basi," alisema. Nikaondoa jiwe na dagaa. Akaweka nanga chini mwenyewe. Akafungua tai, akaiweka juu ya nanga. "Na shahada basi."

"Sasa umebaki na nini?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa kali lakini haikuwa na hasira.

"Kutengeneza. Kuna chuo Dar es Salaam wanafundisha ufundi wa ndege. Barua yao ninayo tangu mwezi juzi. Nilikidharau kwa sababu hakina picha." Alikuwa anatazama miguu yake juu ya jukwaa. "Ng'ombe wachache tu, Baba. Na wanafundisha wakiwa wamefungua injini yenyewe."

"Nimeshamwambia mchungaji nina rubani."

"Mwambie yuko chini," alisema Baba Mkubwa, "anazishikilia zisianguke."

Hapo hata Baba alicheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Ng'ombe wachache wakauzwa, wengine wakabaki kuendelea kuugua. Baba hakuniongelesha siku kadhaa, isipokuwa kuniambia niirudishe mizani mahali pake.

Mtaniuliza kama tuliamua sawa. Sijui. Kwenye usiku wa mbalamwezi Majura alikuwa anakaa nje na kile kijitabu cha picha, na sikuwahi kumtania kwa hilo, nikijua kabisa utani wenyewe ulikuwa mzuri.

Nimalizie jinsi nilivyostaafu. Muhula uliofuata kampuni ya Kapteni ilileta mizani mpya, ya mshale, haina harufu, pamoja na mtu wa kuisimamia. Kijana wa shati jeupe, anaitwa Deo. Shahada ya usafiri wa anga, ya ng'ambo, ileile ya kwenye picha. Kazi yake ya kwanza duniani: kupima abiria Musoma. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, ikashindikana. Alijua hesabu ya nani akae mbele na nani nyuma ili ndege isielemee mkia, jambo ambalo Kapteni alikuwa analipanga kwa macho, na alilieleza vizuri mpaka Mzee Bwire akaacha kufyeka akasikiliza.

Nilimuuliza, maana swali lilikuwa limeshanizoea. "Inalipa?"

"Baba aliuza nyumba."

"Ya wapi?"

"Ukiiona utaipenda. Ina watu wengine sasa."

"Ungeambiwa urudi nyuma, ungesoma tena?"

"Ningesoma. Ila ningemwambia baba bei yote siku ya kwanza."

Kwa hiyo kama wazazi wenu watawatuma kuuliza, waambieni shahada ina faida. Mimi imenichukulia kazi.

Abiria wangu wa mwisho alikuwa Majura. Kapteni alikuwa na kiti kimoja kitupu kwenda Mwanza, akampa, ili kutoka huko apande treni. Tukamsindikiza wote. Mama, shangazi, hata Baba Mkubwa alikuja kutoka Butiama. Ndege ilikuwa imejaa, Deo alikuwa ameshapiga hesabu yake, na uzito uliobaki wa kile kiti ulikuwa mdogo, haubishani. Deo alipomuona akaitazama mizani yake, kisha yangu iliyokuwa inangoja kwenye toroli kurudi kwenye samaki.

"Huyu mpime wewe," akasema.

Nikasubiri waagane. Nikaona kila mtu anachomoa cha kwake. Ndipo Majura akapanda jukwaani, na mkono ukapiga juu kwa nguvu kuliko siku ya nanga.

"Umezidi."

"Punguza."

Nikamtoa kuku wa shangazi. Ulezi wa Baba Mkubwa. Samaki wa Mama, na Mama akageuza uso. Bado. Alibaki na begi dogo la nguo na kifurushi kizito cha gunia ambacho Baba alikuwa amempa. Nilikifahamu. Zilikuwa spana za mashine, zote, mpaka ile kubwa.

"Acha spana," Baba alisema. "Nitazihitaji mimi mwenyewe."

Majura alimtazama Baba. Akakaa chini pale kwenye moramu, akavua koti. Akavua viatu, vile vyeusi vya soli nene alivyonunuliwa kwa ajili ya ng'ambo. Akampa Baba. Akapanda tena mizani, peku, amekumbatia spana.

Mkono ukapanda, ukashuka, ukatulia.

"Anaenda," nikasema.

Mama akanyanyua mikono aende kumkumbatia mara moja zaidi. Mzee Bwire akajitupa katikati, mikono kaitanua kama golikipa.

"Ameshapimwa, mama! Asiguswe!"

Akabaki amesimama hivyohivyo, mikono hewani, mpaka ndege ilipoondoka ardhini pale panapotakiwa, mbali na dagaa.

Baba alishika vile viatu njia nzima mpaka Buhare. Alipofika alinipa bila kunitazama, akaenda kuipakua mizani mwenyewe. Ndivyo ninavyovaa shuleni mpaka leo. Vinanipwaya. Mbele nimetia karatasi.